Bibi wa Maretadu na Kamati ya Maadili

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga pale sisi wauguzi wa hospitali moja huko Mbulu tulipoambiwa kwamba sasa tuna kamati ya maadili. Kazi yake ilikuwa kumshauri daktari anapokwama: mgonjwa akikataa matibabu, au ndugu wakivutana. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Siku ya uzinduzi madaktari waliipigia makofi, wakaisahau kabla chai haijapoa.

Kisha akaletwa bibi mmoja mkulima kutoka Maretadu, mguu umeoza kwa kisukari. Daktari wetu wa upasuaji, kijana aliyepita wodini kama anakagua gwaride, alisema ukatwe. Bibi alikuwa na akili zake timamu. Alikataa.

"Nimelimia mguu huu tangu usichana," aliniambia. "Niacheni niende nao."

Daktari hakumuuliza mara ya pili. Alimwita nje mtoto wa kiume wa bibi, akampa karatasi ya ridhaa ya upasuaji asaini. Nikamfuata kwenye korido.

"Daktari, mama mwenyewe anaongea. Tuiite kamati?"

Akacheka. "Kamati ni ya daktari asiyejua kazi. Wewe andaa mgonjwa."

Nikaandaa. Sitajitakasa hapa: nilimwambia bibi tunakwenda kusafisha kidonda.

Mguu ukakatwa, kidonda kikafunga vizuri, na daktari akajitapa nacho kila asubuhi. "Shikamoo bibi," alisema akipita. Bibi alimtazama, akageukia ukutani. Huku kwetu mzee kumnyima kijana marahaba si jambo dogo. Daktari alituambia ni dawa ya usingizi haijaisha mwilini. Msomi mzima, hakujua amekataliwa salamu!

Binti wa bibi, mwalimu kule Daudi, alipopeleka malalamiko wilayani, ghafla daktari akaikumbuka kamati. Alikuja mwenyewe kutupangia viti, mpole kama kondoo. Tukakaa: mchungaji, matroni, mhasibu na mimi. Tukanywa soda. Mchungaji alisema Mungu ndiye huongoza mikono ya waganga. Matroni alitikisa kichwa kukubali. Mhasibu aliuliza kikao kitaisha saa ngapi. Hakuna aliyesema bibi aulizwe, naye alikuwa amelala ng'ambo ya ukuta. Nikaandika: "Taratibu zote zilifuatwa."

Binti alikuja ofisini kuusoma muhtasari. Aliusoma wote, akanirudishia.

"Dada, mama alipokataa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mbona humu sikuoni?"

Nikaurudisha muhtasari kwenye faili. Binti alimchukua mama yake, wakapanda basi la kurudi Maretadu. Daktari alihamishiwa makao makuu ya mkoa, akapewa cheo. Kamati yetu iliendelea kuitwa kila penye malalamiko, si kabla, nami nikaendelea kuiandikia mihtasari mpaka nilipostaafu.