Euphrasia na Skuta ya Jumapili

Miaka ile petroli ilipokuwa adimu, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kariakoo ilinyamaza. Ungeweza kusimama katikati ya Mtaa wa Msimbazi ukasikia khanga zikipigwa na upepo kambani. Katika ukimya huo ndimo Euphrasia alimojifunza kuendesha skuta, injini ikiwa imezimwa.

Skuta ilikuwa ya kaka yake, Melkiori, fundi wa karakana ya reli pale Gerezani. Ilikuwa na rangi ya maziwa, na kiti chake kilishonwa upya kwa turubai. Mwisho wa mwezi Melkiori angehamia Tabora kikazi. Abbasi, jirani yao muuza nazi, aliitaka ile skuta. Euphrasia naye aliitaka. Alikuwa nesi katika zahanati moja ya Kigamboni, na kila alfajiri alikwenda kwa miguu mpaka Magogoni, akiomba njia nzima pantoni ya kumvusha isimwache.

"Ukiweza kuiendesha peke yako kabla sijaondoka, ni yako," kaka yake alimwambia. "Usipoweza, anaichukua Abbasi. Sitaki nifike Tabora niletewe habari za shingo yako."

Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa kidogo, wakaiweka kwa ajili ya siku ya mtihani. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya misa na chakula, Melkiori alisukuma kwa nyuma huku akikimbia, akiigiza mlio wa injini kwa mdomo ili dada yake ajue wakati wa kubadili gia. Euphrasia alibana klachi kwa mkono wa kushoto, asiiachie hata kidogo. Kisha kaka alibaki nyuma, na yeye akaendelea kuteleza peke yake. Vivuli vya maghorofa vilimpitia usoni kimoja baada ya kingine. Alihisi kama anaota, na kwamba akikohoa tu ataamka.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi asubuhi. Melkiori akapiga kiki, injini ikanguruma. Euphrasia akashtuka. Kitu alichokizoea kwa upole wake sasa kilitetemeka chini yake mpaka kwenye meno. Akaachia klachi ghafla, ikazima. Mara ya pili, ikazima tena.

"Nesi, shuka basi," alisema Abbasi, aliyekuwa ameegemea ukuta. "Nazi zangu zinasubiri usafiri."

"Zisubiri. Hazina miguu," Euphrasia alimjibu.

Akaitazama barabara. Kisha akasema, "Kaka, acha kupiga kiki. Nisukume kama Jumapili."

"Leo Jumamosi," alisema Abbasi.

Melkiori akasukuma. Magurudumu yakazunguka, upepo ukaingia masikioni, na ile hali ya ndotoni ikarudi. Katika gia ya pili, Euphrasia akafungua vidole vya klachi taratibu. Injini ikawaka wakati yeye tayari yuko safarini, na mara hii haikumtisha. Akakata kona kuelekea Posta, akapotea.

Wanaume wawili wakabaki barabarani.

"Harudi huyo," Abbasi alisema.

"Atarudi. Breki anazijua."

"Nakuona unajipangusa jasho."

"Nimesukuma, bwana."

Alirudi akitokea upande mwingine, akasimama mbele yao bila kuzima injini. Melkiori alivua kofia yake ngumu, akamvisha dada yake, akamfunga mkanda chini ya kidevu. Abbasi alikipapasa kile kiti cha turubai.

"Siku za mvua utanibebea gunia moja, Nesi."

"Nusu."

"Haya, nusu."

Jumatatu alfajiri, Melkiori akiwa ameshapanda treni, aliyemsukuma Euphrasia ni Abbasi, msuli ameukunja magotini, akinung'unika mpaka injini ikashika. Huko Magogoni pantoni ilikuwa bado upande wa pili, taa zake zikielea gizani. Euphrasia akazima skuta, akakaa kuisubiri.