Mkoba Nyuma ya Mlango

Juzi nilimwona mtoto wa jirani amenuna juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kisa kakatazwa kutoka kucheza. Nikacheka peke yangu. Hata mimi nilimpanda sana farasi yule asiyekwenda popote. Labda ndiyo sababu mpaka leo kufika sokoni Magongo, hapa karibu tu, kwangu ni safari.

Mchana mmoja wa utoto wangu, tulipotoka kanisani, wenzangu walikimbilia kutazama ndege zikitua. Mimi mama alinirudisha jikoni, kwenye moshi wa mkaa, kwa sababu ya mdomo wangu wa kujibujibu. Nikakuna, nikachuja, akaonja.

“Tui hili, au maji ya kunawia? Rudia!”

Nyuma ya mlango nilikuwa nimeuona mkoba umefungwa tayari. Nikajua nimeshindikana, napelekwa Kaloleni kwa nyanya. Nikakuna huku nikimwomba Mungu mkoba ule usitoke nyumbani. Mwishowe nikaangua kilio.

“Mama, sitajibu tena. Usinipeleke kwa nyanya!”

Mama akashika tumbo lake kubwa, akacheka mpaka akaketi. “We mwana we! Mkoba ni wangu, naenda hospitali kujifungua. Usipojua kupika, wewe na babako mtakula nini, hewa?”

Nilipumua kama aliyetua gunia. Kumbe sikuwa nikifukuzwa, nilikuwa nikiachiwa jiko.

Baada ya siku chache mkoba ulitoka, ukarudi na mdogo wangu wa kike. Namshukuru Mungu, ombi langu alilisikia, akalikataa.