Mama Trela na Pikapu ya Mdogo Wake

Kumepambazuka, na Mama Trela amelala chali juu ya gunia, chini ya pikapu yake nyeupe, anakaza nati za ndoano ya kuvutia trela. Mikono iko kazini, macho yameshahamia upande wa pili wa uwanja. Pale imeegeshwa pikapu mpya ya mdogo wake wa kike, nyeusi, inang'aa hadi inachukiza.

"Hata tope linaiogopa," anasema, kisha anasonya.

Mjane huyu hukokota matrela ya kulala, vile vyumba vya magurudumu vya mafundi wa barabara, kutoka kambi hadi kambi. Kazi hiyo imemsomeshea watoto. Ni yeye aliyemfundisha mdogo wake: kurudi nyuma na trela, kufunga mnyororo, kupima uzito.

Kupima ndiko kulikomponza. Mwezi uliopita mteja wake mkubwa alileta trela jipya. Likiwa tupu, pikapu yake inalimudu. Lakini Mama Trela huhesabu na maji ya tangini, mitungi ya gesi, vitanda na masanduku ya watu. Kwenye mizani likakaribia tani tatu, na gari lake mwisho ni mbili na nusu. Akakataa. Kazi ikaenda kwa mdogo mtu, mwenye gari la kuvuta tani tatu na nusu, na nusu ya kipato cha dada ikaenda nayo.

"Nilimwonea kijicho, tena kijicho hasa. Mwanafunzi wangu, na mteja wangu," anasimulia Mama Trela.

Asubuhi hii mdogo mtu anaondoka na trela hilo kwa mara ya kwanza. Pikapu imesimama sawasawa, nyuma haijachuchumaa hata kidogo, na wapakiaji wanaisifia. Mama Trela anatazama, anashtuka. Gari lililofungwa trela zito halisimami hivyo. Mzigo umerundikwa mkiani mwa trela ili gari lipendeze, na trela la namna hiyo likifika mteremkoni huyumba hadi likalipindua gari.

Baadaye atakiri kwamba wakati huo shetani alimnong'oneza: mwache akaone cha mtema kuni.

Kisha anavuka uwanja, anasimama mbele ya gari, na kumwambia mdogo wake apange upya, vizito vije mbele ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya trela.

Mdogo mtu anacheka mbele ya watu. "Dada, huo ni wivu tu."

"Wivu ninao," anajibu. "Shusha mzigo."

Unashushwa. Mdogo mtu ananuna huku anabeba. Mama Trela anaingia mwenyewe kusukuma vitanda na kukaza mikanda. Nyuma ya pikapu mpya inainama kidogo, inavyotakiwa, na safari inaanza bila asante.

Sasa anaweka akiba anunue pikapu yenye nguvu kuliko ile. Ukimuuliza kwa nini basi hakumwacha aende zake, anakutazama kama uliyemkosea adabu.

"Mteja wangu nitamrudisha," anasema. "Na siku hiyo mdogo wangu awe hai, aumie kama nilivyoumia mimi."