Siagi kwenye Gurudumu

Elpidius Tumwine, mwana wa Byarugaba, mwana wa Kamugisha. Kamugisha ndiye aliyebakiwa na mtamba mmoja sotoka ilipomaliza ng'ombe wa Karagwe, akalala naye nyumba moja miaka mitatu, na zizi letu lote likatoka kwenye tumbo la mtamba yule. Byarugaba ndiye aliyebeba mizigo ya Wajerumani kichwani kutoka Ihembe hadi Bukoba, akarudi na upara utosini usioota nywele tena. Elpidius akaja kuipita njia ileile akiwa amekaa, mbele yake usukani, nyuma yake magunia hamsini ya kahawa. Alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Wanaosema alikuwa dereva mzembe hawakumjua. Mimi nilimjua, na alichokosa nitakisema, maana hakikuwa uzembe.

Lori lilikuwa la Yustus, jirani yetu hapo Ihembe, aliyelinunua likiwa tayari kuukuu. Elpidius alikuwa na desturi yake. Kila alipolisimamisha, kabla hata ya kunawa uso, alipitisha kiganja juu ya tairi za mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kuja nje. Alisema jicho huona tairi likishakwisha, lakini kiganja hujua mwezi mzima kabla.

Mwaka 1953, mwezi wa saba, alikuwa anarudi kutoka Bukoba, lori tupu. Karibu na Kituntu usukani ukaanza kutetemeka, mwanzo kidogo tu, kama mkono wa bibi kizee anayeshika kikombe cha moto. Akipunguza mwendo unatulia, akiongeza unarudi. Alipofika nyumbani alipapasa tairi la kulia, akaniita, akaniwekea mkono pale.

"Peleka huku. Vipi?"

"Laini."

"Sasa rudisha."

Niliuondoa mkono wangu. Lilikuwa na meno kama msumeno.

"Gurudumu hili haliendi mbele," alisema. "Linaburutwa upande, kama mbuzi asiyetaka kamba."

Akalipandisha kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Yustus alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Kaka akamweleza kwamba pini nene ya chuma inayoshika gurudumu ili liweze kukata kona imelika, na Bukoba hawana nyingine mpaka itoke Mwanza. Wiki tatu.

"Kahawa imekauka majamvini, Elpidius. Wenyewe wanalala mlangoni kwangu."

"Bora walale mlangoni kwako kuliko mahali pengine."

"Unaongea kama padri."

"Naongea kama mtu anayeshika usukani."

"Na ukitia grisi?"

"Imekwisha. Na hata ingekuwepo, grisi haioteshi chuma."

Mama yetu, Kokushubira, alikuwa amekaa kwenye jamvi akiwasikiliza. Mama alitoka kwa wafugaji wa Mabira, na kwa watu wake hakuna kinachokauka kikakosa dawa maadamu ng'ombe yupo. Akasema, "Chuma hicho kinalia ukavu. Ngoma ya baba yako niliipaka siagi. Mishipi ya ngozi niliipaka siagi. Wewe mwenyewe ulizaliwa umekunjamana kama ganda la maharage, nikakupaka siagi. Kipi kati ya hivyo kilikataa?"

Yustus akacheka. "Amekushinda, waitu, ndugu yetu."

Mimi ndiye niliyetikisa kibuyu cha maziwa. Nilikitikisa mapajani tangu asubuhi hadi jua la utosi, sikuficha wala sitaficha. Mama akaikusanya siagi kwa mkono wake, akaifunga kwenye jani la mgomba, akampa. Sasa, kwa wasiojua: siagi aliyokukusanyia mama yako kwa mkono wake, huikatai. Ukiikataa umemwambia kwamba hata ziwa alilokunyonyesha lilikuwa na maji matupu. Kaka yangu aliliangalia lile jani, akaliangalia tairi. Kisha akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaenda kuishindilia siagi yote kwenye pini.

Kesho yake asubuhi, penye ukungu na baridi, aliendesha hadi Kituntu na kurudi. Usukani umetulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Mama alijifunga kitenge upya, akawaambia majirani. Lakini mimi nilimwona Elpidius akipapasa lile tairi. Kiganja kilikwenda, kikarudi, akakifuta kwenye suruali. Sikumuuliza, maana kibuyu nilikitikisa mimi.

Siku ya tatu wakapakia magunia. Watu wakapanda juu ya magunia, kama ilivyokuwa kawaida, na mkewe Dafroza akaja na kikapu chake, anakwenda Bukoba kumuuguza dada yake. Kaka akamsogelea mlangoni mwa lori.

"Wewe baki. Utakwenda safari ijayo."

"Kwa nini?"

Mama alikuwa hatua nne kutoka pale, amekuja kumwona mwanawe akiondoka na siagi yake. Kaka akamtazama Mama, akamtazama mkewe.

"Basi tu," akasema.

"Basi tu nitamwambia mgonjwa?" Dafroza akacheka, akapanda, akakaa mbele na kikapu magotini.

Yaliyofuata niliyasikia kwa waliobaki hai. Hadi saa nne usukani ulikuwa kimya. Jua lilipokaza, siagi ikayeyuka, ikaanza kudondoka barabarani, na iliyobaki ikanasa vumbi, vumbi likawa msasa ndani ya pini. Wakiwa kwenye mteremko wa kwenda Kyaka gurudumu likaanza kupiga. Usukani ukamzunguka mkononi ukamvunja kidole gumba. Lile tairi la kulia lilikuwa limelika upande mmoja mpaka nyuzi, likapasuka. Lori likalala ubavu, kahawa ikawaangukia watu. Wanawake wawili wa Ihembe walifia pale, na Dafroza wa tatu. Kikapu chake kililetwa nyumbani kizima, na ndizi zake ndani.

Hakimu akamuuliza kaka yangu kama alijua gari ni bovu.

"Nilijua," akasema.

"Mbona uliondoka nalo?"

Hakulitaja jani la mgomba, wala siku ile wala nyingine. Alifungwa miaka miwili. Lakini Mama hakuhitaji kuambiwa. Alikitundika kibuyu ukutani, akakiacha kiliwe na mende. Yeye mwenyewe hakujipaka tena mafuta ya aina yoyote, na tulipomwosha kwa ajili ya kaburi, ngozi yake ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi.

Elpidius alitoka jela 1955. Kitu cha kwanza alichomwomba Yustus kilikuwa lile tairi. Washona viatu vya katambuga walikuwa wanalitaka, akawanyima. Akaliweka ndani, miguuni mwa kitanda. Kisha akaanza kwenda Kituntu malori yanaposimama, kidole gumba kimekauka kama kijiti, anayapapasa moja baada ya jingine.

Madereva walimcheka. "Mzee, unatafuta kupe?"

"Natafuta. Huyu wako ameshiba."

Wengine walisikia, wakageuza. Wengine walimpa ndizi wakaondoka. Miaka mitatu aliifanya kazi ile, bila ujira, mpaka kifua kikamlaza.

Ilikuwa mwezi wa tisa 1958. Lori la Anatory, mtoto wa mjomba wetu, lilikuwa lipite kesho yake likichukua watu wa harusi. Kaka akaniita, akaniambia nilisogeze lile tairi.

"Fumba macho. Sehemu ambayo haikupasuka. Peleka."

"Laini."

"Rudisha."

"Meno."

"Meno ya namna gani? Ya kesho au ya mwezi ujao?"

Nikarudia. Nikarudia tena. Alinifanya nirudie mpaka kiganja kikawaka moto, na mara ya mwisho nikasema, "Haya ni ya leo." Akafumba macho, akapumua.

"Kesho uwe barabarani kabla jua halijatoka," akasema. "Anatory akisimama, papasa zote mbili za mbele. Zikiwa na meno, watu wa harusi washuke."

"Atanisikiliza, mimi mwanamke?"

"Kaa mbele ya gurudumu. Hatakukanyaga."

Nikainuka, nikasema nitakwenda, nitamwamkia vizuri nimweleze.

"Usimwamkie," akasema kaka yangu. Alinishika kwa mkono ule wa kidole kilichokufa. "Ukishamwamkia atakuuliza Mama alizikwaje, atakuuliza ng'ombe, atakushushia na zawadi kutoka kwao. Utaona haya, Kembabazi. Utapokea kwa mikono miwili. Papasa kwanza. Salamu itakungoja."