Programu Iliyogoma Kutoka

Nilipomaliza kozi ya kompyuta, miaka ile ya elfu mbili na kidogo ambapo inteneti ilikuwa bado kitu cha kupandia ngazi na kulipia kwa dakika, nilipata kazi kwenye saiba mjini Machakos, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Mwenye saiba alikuwa mama mmoja aliyeacha ualimu. Alikuja jioni kufunga hesabu. Mchana kutwa nilikuwa mimi na mashine zangu, nikichapia watu barua za kuomba kazi na kuwafungulia wanafunzi wa vyuo barua pepe zao za kwanza.

Mashine zilikuwa chache na zote kuukuu. Moja tu, ile ya mezani kwangu, ndiyo iliyoweza kubeba sauti. Hiyo ndiyo iliyopima muda wa wateja kwenye mashine nyingine zote, na hiyo hiyo tu ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kubeba programu ya kupiga simu kupitia inteneti. Saiba nyingine za mjini zilikuwa zimeipiga marufuku programu hiyo kwa sababu ilinyonya laini, mpaka mteja wa barua pepe akasinzia akisubiri ukurasa ufunguke. Bosi wangu aliiruhusu kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mzee Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, aliyekaa Machakos muda mrefu hata Kikamba chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyesomea bweni. Alinunua ng'ombe na mbuzi minadani na kuwapeleka kiwanda cha nyama kule Athi River. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda ngazi zetu, akavua viatu mlangoni ingawa tulimkataza, akaketi kwenye kiti changu, nami nikamvika hedifoni juu ya kofia yake.

Alikuwa akiongea na mdogo wake. Vita vya kwao viliwatenganisha wakiwa vijana. Yeye akavuka mpaka kuja Kenya, mdogo wake akapotelea upande mwingine, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama mwenzake yuko hai. Kisha jamaa yao wa Nairobi akampata yule mdogo mtandaoni, kwenye nchi moja ya baridi, na ndiye aliyemleta mzee kwetu mara ya kwanza. Akatufungulia akaunti, akaniandikia neno la siri, akasema, "Dada, huyu mzee atakuwa mgeni wako." Kisha akaenda zake.

Sikuelewa lolote katika mazungumzo yao, lakini niliyapenda. Walicheka sana. Waligombana pia. Kwa majuma kadhaa waligombania ngamia mmoja wa baba yao, kama alichechemea mguu wa kulia au wa kushoto, na mzee alikuwa akitoka pale akinieleza kwa hasira ya kweli.

"Mwiitu," angeniambia, kwa Kikamba kama binti yake, "huyo mtu alikuwa mdogo. Alikuwa anabebwa mgongoni! Atajua mguu wa ngamia namna gani?"

Katikati ya juma, mzee akiwa minadani, mdogo wake aliandika. Maneno yalikuja kwenye kidirisha kidogo kando ya jina lake, ya Kisomali, marefu wakati mwingine. Mzee hakujua kusoma. Basi Ijumaa, kabla hatujapiga simu, nilimsomea mimi. Herufi ni zile zile tunazotumia sisi, kwa hiyo nilitamka kama yalivyoandikwa, neno kwa neno, bila kujua ninasema nini. Mzee alifumba macho na kusikiliza. Mahali fulani alicheka kwa matamshi yangu, mahali fulani alicheka kwa habari yenyewe, nami sikuweza kutofautisha. Nikimaliza alisema, "Rudia hapo mwisho." Nikarudia.

Siku moja programu ile ikaomba kujisasisha. Nikabonyeza kukubali, kama nilivyokubali kila kitu siku zile. Ikafika katikati, stima ikapotea mji mzima. Iliporudi, nikawasha mashine na kubofya alama ya programu. Kimya. Nikabofya tena. Kimya.

Nikafikiri ni jambo dogo. Nikapakua programu upya, nikaiambia iingie. Ikajibu kwamba tayari imo ndani, niiondoe kwanza. Nikaenda kwenye orodha ya kuondolea programu, nikaibofya. Ikajibu kwamba faili ya kuiondolea haipatikani, niiweke upya kwanza. Nilizunguka pale asubuhi nzima. Nikafuta alama yake kwenye skrini, nikazima mashine, nikawasha. Niliporudi kwenye orodha, jina lake lilikuwa pale pale, likinitazama.

Ijumaa mzee akaja. Nikamweleza kadiri nilivyoweza.

"Kwa hivyo haingii, haitoki," akasema.

"Ndiyo, baba. Imekwama."

"Mbuzi akikwama mlangoni unamsukuma ama unamvuta. Wewe unafanya gani?"

"Nimesukuma, nimevuta."

Akacheka. "Sasa itakuwa lini?"

"Kesho," nikasema.

Alikuja kesho yake. Nikamwambia kesho nyingine. Sikuwa namdanganya, kila siku niliamini kweli kwamba jambo lililobaki ni moja tu. Bosi akamwita fundi aliyehudumia kompyuta za viwanda kule Athi River. Akaja na mkoba wake, akaangalia kidogo, akasema, "Hii dawa yake ni kufomati. Futa mashine yote, anza upya." Bosi akakataa, na haki alikuwa nayo: humo ndimo ilimokuwa hesabu ya muda wa wateja, na diski ya kuirudisha ilikuwa imepotea zamani. Fundi akafunga mkoba wake.

Nambari ya simu ya yule mdogo hatukuwa nayo. Jamaa wa Nairobi alikuwa amesafiri na simu yake haikushika. Mzee akawa anapita kila akitoka sokoni, hapandi hata ngazi, anasimama chini kwenye duka la dawa na kuniita kwa sauti kupitia dirishani. Nikitikisa kichwa, anainua mkono na kwenda. Ijumaa zikapita namna hiyo.

Mwishowe nilipata maelekezo kwenye ukurasa mmoja wa inteneti, mahali ambapo watu wa nchi mbalimbali walilia shida kama yangu. Mmoja alikuwa ameeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuing'oa programu kwa mkono mpaka isibaki hata unyoya. Nikachapisha ukurasa ule. Ijumaa asubuhi, kabla wateja hawajaja, nikaanza.

Nikawasha mashine kwa ile njia ya dharura ambayo huamsha vitu vichache tu, ili programu isiwe na pa kujishikilia. Nikafuta folda yake kuu. Nikaingia kwenye rejista, pale kompyuta inapojiwekea kumbukumbu ya kila kilichowahi kuingia ndani yake, nikatafuta jina la programu na kulifuta kila lilipojitokeza, taratibu, kwa sababu maelekezo yalionya kwamba ukikosea hapo mashine haiamki tena. Rejista niliihifadhi nakala kwanza, kama nilivyoambiwa. Hatua ya mwisho ilisema kuna folda nyingine, iliyofichwa, ambayo lazima iondoke nayo, la sivyo ugonjwa utarudi. Nikaifichua. Ilikuwa na jina la akaunti ya mzee. Nikaifuta, nikamwaga na pipa la taka.

Nikawasha upya. Nikaiweka programu. Safari hii iliingia bila neno, kama mgeni ambaye hajawahi kufika nyumba hii. Nikaandika jina la akaunti na neno la siri, na jina la yule mdogo wa nchi ya baridi likatokea na alama yake ya kijani. Yuko hewani!

Nilipiga kelele peke yangu pale. Nikampigia mzee simu ya mkononi. Nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Baba, imekubali! Ndugu yako yuko hapa, njoo!"

Hakungoja hata swala. Nilimsikia akipanda ngazi kwa haraka isiyo ya umri wake, na siku hiyo alisahau kuvua viatu. Nikamvika hedifoni, nikabonyeza. Akaita salamu yake kubwa iliyowageuza wateja wote. Akasikiliza. Akakunja uso. Akazivua hedifoni akanipa.

"Ni msichana," akasema. "Anaongea Kizungu. Mwambie aniitie baba yake."

Nilijua yule mdogo alikuwa na binti, na kwamba mama yake binti ni mwenyeji wa huko, kwa hiyo Kisomali hakukishika zaidi ya salamu. Nikamwambia kwa Kiingereza mimi ni nani. Akauliza, "Ni wewe unayemsomea baba mkubwa barua?" Nikasema ndiyo. Kisha akaniambia kwamba baba yake alishikwa na moyo, akalazwa, na wamemzika majuzi. Walikuwa hawana njia ya kutufikia. Kila Ijumaa alipokuwa bado ana nguvu, alisema, baba yake aliketi mbele ya kompyuta na kungoja jina letu liwake.

Mzee alikuwa amesimama ananitazama mdomoni. Bado alikuwa na tabasamu alilopanda nalo ngazi.

"Anasema nini? Hayuko nyumbani?"

Sijawahi kutafuta maneno ya Kiswahili kama nilivyoyatafuta wakati ule. Kikamba kilinijia, Kiingereza kilinijia.

"Baba," nikasema, "keti."

"Nimeketi sana. Sema."

"Anasema baba yake aliugua. Moyo. Anasema… amekufa, baba. Wamemzika."

Hakulia. Alitamka ile dua ya msiba kwa sauti ya chini, akaketi, akaweka mikono juu ya meza kando ya kibodi. Binti alikuwa bado kwenye laini, nikimsikia akivuta pumzi. Mzee akaniambia nimpe pole, nimuulize kama amekula, nimwambie asilale peke yake nyumbani. Nikayavusha maneno yale kwenda na mengine kurudi, mpaka wote wawili wakaishiwa.

Nilipokata simu, mzee hakuinuka. Akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Yale maneno alikuwa anaandika. Yako hapo?"

Nikafungua kidirisha. Kilikuwa cheupe. Nikajua kabla sijatafuta, maana nilikumbuka ile folda iliyofichwa na jina lake. Nilitafuta hata hivyo, kila pembe ya mashine, huku naye akiniangalia.

"Hayako, baba. Yalikuwa ndani ya kile nilichofuta. Programu haingetoka bila hayo kutoka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda.

"Lakini wewe ulisoma," akasema. "Ulisoma yote. Unakumbuka nini? Niambie yale ya mwisho."

Yalikuwa yamepita mdomoni mwangu yote, na mengine nilikuwa nimeyarudia mara ya pili kwa ajili yake, lakini nilikuwa nimeyatamka kama kasuku. Nilichokuwa nacho ni maneno mawili tu. Walaal, ambalo kila barua ilianza nalo na ambalo mzee aliwahi kuniambia maana yake ni ndugu. Na baraf, ambalo nililikamata kwa sababu linafanana na barafu yetu.

"Walaal," nikasema. "Na baraf. Aliandika kuhusu baraf."

"Ndiyo," mzee akasema. "Ilifunika gari yake. Alitafuta gari kwa kijiko." Akajaribu kucheka. "Endelea."

Nikarudia yale yale mawili.

Bosi aliposikia jioni, hakunilaumu. Alisema nimefanya kazi iliyomshinda fundi, na ni kweli. Mashine ile ilifanya kazi vizuri kwa muda mrefu baadaye. Mzee aliendelea kuja Ijumaa kadhaa kuongea na binti wa nduguye, mimi katikati nikivusha maneno. Binti alijaribu kutafuta barua zile upande wao, lakini kompyuta ya baba yake ilikuwa ya kuazima kutoka maktaba ya mtaa, haikuhifadhi kitu. Mazungumzo yao yalikuwa ya heshima na mafupi. Waliulizana hali ya hewa. Ngamia hakutajwa.

Wakati wa kupanda maharagwe niliomba ruhusa nikaenda nyumbani Kola kumsaidia mama. Niliporudi, bosi aliniambia mzee ameuza mifugo yake yote na kuhamia kwa jamaa zake Garissa, na kwamba alipita kuniaga.

"Aliacha ujumbe?" nikauliza.

"Alisema tu nikusalimie. Alisimama hapo chini kidogo, kisha gari likaja."

Nimekutana na Wasomali wengi tangu hapo, kazini na mitaani, na mara nyingine nimetamani kumwomba mmoja anifundishe, angalau nijue nilichokuwa nikisoma kilikuwa na sura gani. Sijawahi. Kwanza angenifafanulia nini, na maneno yenyewe sinayo?