Masale Ndani ya Ukumbi wa Usharika

Ni afadhali aibu hii muisikie kutoka kwangu, kwa kuwa hapa Machame wanaisimulia watu ambao hata hawakuwapo, na kila mmoja ananiongezea upumbavu (nilionao unatosha).

Mama yangu alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukabaki umekunja ngumi, na binti mmoja aitwaye Upendo, aliyesomea tiba ya viungo, akawa anawakusanya wagonjwa wa namna hiyo katika ukumbi wa usharika ili, kwa maneno yake, wacheze wapone. Mimi ni mwalimu na mzee wa kanisa. Nimesoma vya kutosha kuyaogopa mambo ya kale yanayorudi na majina mapya. Nilipomwuliza Mama wanafanya nini huko, alijibu kwamba wanacheza, akanyamaza. Ukimya ule ndio ulionitia mashaka.

Basi Jumatano moja, badala ya kubisha hodi kama mtu mwenye adabu, nikapita migombani nyuma ya ukumbi, nikachungulia dirishani. Wazee wameketi duara, wamefumba macho, ngoma inapigwa taratibu, na kila mmoja ameshika jani la isale. Isale ndilo tunalompelekea tuliyemkosea tukiomba radhi, lakini ndilo pia lililopandwa kwenye makaburi ya babu zetu. Na akili yangu, iliyokwisha kutoa hukumu kabla ya kesi, ikachagua makaburi. Matambiko, nikasema, tena chini ya paa la kanisa.

Nikaenda mbio ofisini kwa Mchungaji, baraza la wazee wa kanisa likiwa katikati ya kikao, nikamtoa Mchungaji pamoja na wazee wenzangu, nikausukuma mlango wa ukumbi nikiwa nimeinua kidole na hotuba nimekwisha kuianza. Ngoma ikakatika. Mama alikuwa ameunyoosha ule mkono wa kushoto kumwelekea mwenzake, vidole vimefunguka nusu. Akashtuka, vikajikunja tena mbele ya macho yangu.

Upendo hakupandisha sauti. Alimweleza Mchungaji kwamba hawa wamesahau hata kushika kijiko, ila mwili wa Mchagga haujasahau namna ya kutoa isale, naye huanzia pale mwili unapokumbuka. Kisha akanigeukia.

"Vidole hivyo tumevitafuta muda mrefu, Mwalimu."

Mchungaji akaliokota jani lililoanguka, akanipa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ninalopaswa kufanya. Nikampelekea Mama. Kwa desturi yetu isale halikataliwi, lakini yeye alilitazama tu.

"Unanikabidhi kama chaki," akasema. "Ingia kwenye duara ucheze na wenzako, ndipo ulete."

Nikacheza. Nikiwa na suti na tai, mbele ya baraza zima, nikiyumba kushoto wenzangu wakiyumba kulia, huku babu mmoja mwenye mkongojo akinisihi nilegeze kiuno, hakuna atakayekiiba. Nilipolileta mara ya pili Mama akalipokea, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukufunguka siku ile, wala Jumatano iliyofuata.

Sijaacha kushuku, si kila kiitwacho tiba ni tiba. Ila nimeapa kutoshuku tena kupitia dirishani. Sasa kila Jumatano ninaingia kwa mlango, ninaketi mbele ya Mama, ninafumba macho kama nilivyoagizwa, ninanyoosha mkono, na kungoja.