Hodi Iliyokatwa Kwenye Filamu

Tangu nihamie Kalundu kutoka Bwegera, naishi peke yangu, na jioni mwenzangu ni filamu ya Kichina kuhusu mzee mkulima wa mpunga. DVD yangu ya kwanza, iliyotiwa sauti ya Kiswahili, ina picha yenye ukungu. Lakini Jumapili iliyopita, mzee alipokuwa anakula peke yake, nilisikia mwanamke akipiga hodi, nikamfurahia sana.

Juzi nilinunua nakala nyingine ya filamu hiyo, yenye picha safi. Mzee akala, hodi haikuja. Nikazibeba zote mbili hadi dukani, nikafoka mbele ya wateja kama bingwa wa sinema:

"Umeniuzia filamu iliyokatwa! Mgeni wa mzee yuko wapi?"

Muuzaji akaweka ile ya kwanza. Mzee akala kimya mpaka akamaliza. Watu wakacheka. Nikaapa kwamba Jumapili nilimsikia kwa masikio yangu.

Jirani yangu Mama Neema, aliyekuwa anachagua DVD ya kwaya, akageuka.

"Jumapili? Papa, ile hodi ilikuwa ya kwako. Ni minye nilikuwa ku mulango, nilikuletea bugali na ndakala, tusamaki tule tudogo. Ulinyamaza, nikarudi nayo."